Tangazo Linaanza Saa Ngapi?

Aliyeeneza uvumi kwamba kinanda cha mdomo ni chombo cha maskini atafutwe, aje anilipe. Kinanda chenyewe kinaingia mfuko wa shati, kina matundu kumi tu, hata mtoto akikipuliza kinaitika. Hapo ndipo wanapokunasa.

Maana ukitaka kupiga bluzi ya umeme, ile ya Chicago, kinanda kimoja hakitoshi. Gitaa likipiga kwa E, wewe unashika kinanda cha A. Likihamia G, unatafuta cha C. Bado hujanunua kipaza sauti kizito cha kushika kiganjani, wala amplifaya, nayo wajuzi wanataka iwe ya valvu. Chombo cha mfukoni kimeshakula nusu ya sebule, na mke wangu ananiuliza runinga tuihamishie kwa nani.

Wa kulaumiwa ni Little Walter, mpiga kinanda wa bluzi. Enzi zake, magitaa ya umeme yalikuwa yanameza kila sauti katika vilabu vya Chicago. Yeye akakumbatia kinanda na kipaza sauti kwa viganja viwili, akaisukuma amplifaya hadi ikakoroma. Mwaka 1952 kibao chake "Juke", ambacho hakina neno hata moja la kuimbwa, kikakaa wiki nane kileleni mwa chati ya R&B ya Billboard. Ukikisikiliza utadhani jamaa anapumua tu.

Jaribu sasa. Tundu la pili unalivuta pumzi huku ulimi ukirudi nyuma, ili sauti ishuke. La tatu ndilo korofi: chini ya noti yake zimejificha noti nyingine tatu, na hakuna alama ya kukuonyesha zilipo. Wakati huohuo viganja vizibe kila upenyo. Kidole kimoja kikilegea, sauti nene inakonda. Ukiziba barabara na amplifaya iko juu, linatoka yowe la kutoboa masikio.

Juzi yowe hilo lilipotoka, mjukuu wa jirani alikuja kubisha hodi.

"Shikamoo. Babu anauliza, tangazo linaanza saa ngapi?"

Mzee wa watu alikuwa ameshavaa kanzu, akijua mtaani kuna msiba. Siku hizi umeme ukikatika mtaa mzima unanung'unika, isipokuwa nyumba tunayopakana nayo ukuta.

Umeme haumfundishi mtu kupiga. Unapaza kilichopo, na kilichopo kikiwa makwaruzo, mtaa wote utagawiwa makwaruzo. Kwa hiyo wewe unayetamani, nunua kinanda kimoja, cha C, ukae nacho bila waya mpaka lile tundu la tatu likutii. Amplifaya haiozi dukani. Na kama subira huna, iko moja kwangu, haijatumika sana. Bei maelewano.