Namna ya Kuchagua Programu ya Hesabu Bila Hatari ya Kuzijua Hesabu Zako

Una duka Buhinyuza, Burundi: sukari, sabuni, chumvi, maharage ya kupima, kreti za bia za Primus na Amstel chumba cha nyuma, na Lumicash ya kupokelea malipo kwa simu. Wateja hawakatiki. Fedha zinaingia mchana kutwa, na jioni sanduku ni jepesi. Hapo ndipo wasiokutakia mema watakushauri uandike hesabu. Usikubali haraka. Mwenye kuandika hesabu huishia kuzijua, na akishazijua hawezi tena kumwambia mkewe kwamba mambo ni mazuri.

Hata hivyo siku hizi kukataa kompyuta ni ushamba. Kwa hiyo nunua programu, lakini ifuate masharti yafuatayo.

1. Shauriana na asiyeuza kitu

Mshauri anayefaa ni mtoto wa shangazi aliyesomea Bujumbura. Hajapata kupima hata kilo moja ya maharage, kwa hiyo hatakusumbua kwa maswali kuhusu duka. Atakuletea kwenye flashi programu iliyonakiliwa Uvira, Kongo, ikiwa imepangwa kwa orodha ya akaunti za OHADA, jumuiya ya sheria za biashara yenye nchi 17. Kongo ilijiunga mwaka 2012. Burundi haimo, ina mpango wake wa taifa wa uhasibu. Mhasibu wa Muyinga akizishangaa namba za akaunti zako, mwambie ni za kimataifa.

2. Chagua isiyofunguka bila intaneti

Iwe ya kulipiwa kila mwezi, kwa dola, kwa kadi ya benki. Ulinzi wake ni mkubwa: dola ni ya kutafutwa, umeme una siku zake, na mtandao ukirudi utakuta mwezi umeisha na akaunti imefungwa. Epuka GnuCash. Ni ya bure, inakaa ndani ya kompyuta yako, haidai intaneti, na ina Kifaransa. Majirani wakisikia unatumia kitu cha bure watadhani umefilisika.

3. Usiulize habari za chupa tupu

Kila muuza bia anajua kwamba kreti tupu ni fedha. Usipoirudisha, unalipia chupa ndipo upewe kreti iliyojaa. Mteja anayeondoka na chupa naye huacha dhamana, au huacha maneno. Programu nyingi za dukani hazina habari: kwao bia imeuzwa, mambo yamekwisha. Wakati huo chupa yako iko mlima wa pili, imetiwa mafuta ya mawese. Muuzaji wa programu akikuuliza, "Mzee, chupa zinazotoka unazifuatiliaje?", mfukuze. Huyo ana nia ya kukusaidia.

4. Kiwango kimoja cha fedha kinatosha

Mzigo wako mwingine umepita mpaka wa Kobero ukitokea Kabanga, upande wa Ngara, na umeulipia kwa shilingi za Tanzania. Programu itauliza kiwango cha kubadilisha. Weka kile cha Benki Kuu, BRB, hata kama shilingi zenyewe ulizipata sokoni kwa bei nyingine. Faida itatokea kubwa na ya kupendeza. Kasoro yake ni moja tu: haitatosha kununua mzigo unaofuata.

Hakikisha pia kwamba fedha za sandukuni, za benki na za Lumicash zimechanganywa katika akaunti moja. Juni 2023 BRB iliziondoa noti za 5,000 na 10,000 za toleo la 2018, ikatoa siku kumi za kuzipeleka benki. Aliyejua ana noti ngapi na ziko wapi alikwenda mapema, akakosa raha ya kupekua magodoro usiku wa mwisho.

5. Madeni yabaki kichwani

Ukijaribu kumwandikisha mteja wa mkopo, programu itadai jina la mtaa, namba ya nyumba na msimbo wa posta. Mteja wako anakaa mlimani, na anajulikana kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Itakupa pia orodha ya mikoa ambayo Muyinga bado imo, ilhali mwaka 2025 mkoa huo uliunganishwa na Cankuzo na Ruyigi ukawa Buhumuza. Usitafute programu inayoridhika na jina, kiasi na tarehe ya ahadi. Ya nini, na wadeni wako unawajua? Mwalimu hadi mshahara, mkulima hadi kahawa ilipwe, shemeji hadi Kiyama.

6. Mfuko wako usiguswe

Kuna programu zenye akaunti ya mwenye biashara, mahali pa kuandika kila anachojichukulia. Huo ni ukosefu wa adabu. Sukari ya chai ya nyumbani, ada ya mtoto, mchango wa arusi, soda ya mgeni: vyote viandikwe "gharama nyinginezo", au visiandikwe. Mwezi ukiisha na mtaji umepungua, utakuwa na uhuru kamili wa kumshuku kijana wa dukani.

7. Kodi iwe ya mwisho kufikiriwa

Mamlaka ya mapato, OBR, iliundwa mwaka 2009, na TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya kawaida ni 18%. Kama umeandikishwa TVA, usimuulize muuzaji kabla ya kumlipa kama programu yake inaungana na mfumo wa OBR wa ankara za kielektroniki. Muulize baada ya kumlipa. Atasema jambo hilo limo katika toleo lijalo. Mshukuru, na uhifadhi namba yake ya simu ingawa hataipokea.

8. Jihadhari na kaye, yaani daftari

Hatari kubwa kuliko zote haitoki kwenye kompyuta. Mwaka 1494 mtawa wa Kiitalia, Luca Pacioli, alichapisha mjini Venice namna wafanyabiashara wa mji ule walivyotunza hesabu. Vitabu vilikuwa vitatu, na cha kwanza kilikuwa daftari la hovyohovyo: yeyote wa nyumbani anayejua kuandika aliandika kila biashara papo hapo, kwa sarafu yoyote iliyolipwa. Vile viwili vya kitaalamu vilikula kutoka kwa hicho.

Daftari hilo linauzwa hapohapo dukani kwako, kwenye rafu ya kaye za wanafunzi. Usithubutu kuliweka mezani na kalamu yake. Maana wewe, mkeo na kijana wa duka mkiandika kwa mwezi mmoja kilichouzwa, kilichokopwa, chupa zilizotoka, shilingi zilinunuliwa kwa bei gani na nani ametia mkono sandukuni, utajua programu yako inapaswa kujibu maswali gani. Kuichagua kutakuwa kazi ya alasiri moja, na mtoto wa shangazi atakosa la kukushauri.

Mabaya zaidi, utakuwa umejua kabla hata ya kuinunua. Utaona kwamba sukari inakula mtaji, kwamba bia ndiyo inayolipa pango, na kwamba kijana wa duka ni mwaminifu. Ukijumlisha madeni yote, shemeji atatokea wa pili. Wa kwanza ni mwenye duka.