Nani kashika mkia? Misaada tisa ya dunia, kuanzia nyuma

Maadui wa Mwalimu Nyerere walikuwa watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Waliokuja kutusaidia kupigana nao ni wengi kuliko maadui wenyewe, kila mmoja na nembo yake kwenye mlango wa shangingi. Nimewapanga kama matokeo ya mtihani. Rufaa hazipokelewi.

9. Wimbo wa Krismasi
Novemba 1984 Bob Geldof na Midge Ure waliwakusanya mastaa studio, London, wakaimbia njaa ya Ethiopia na kuuliza kama watu wa kule wanajua kuwa ni Krismasi. Wanaoulizwa walipokea Ukristo karne ya nne, enzi za mfalme Ezana wa Aksum. Tena kwao Krismasi huangukia 7 Januari, kwa hiyo jibu sahihi la Desemba lilikuwa: bado, subirini. Pesa zilizochangwa zilikuwa za kweli, mamilioni ya pauni, ndiyo maana tumewaruhusu kufanya mtihani.

8. Mabingwa hewa
Kabla ya fainali ya mpira wa Kimarekani, fulana za ubingwa huchapishwa za timu zote mbili. Kwa miaka mingi za aliyefungwa zilipelekwa nchi maskini kama msaada. Mwaka 2008 New England Patriots walifika fainali bila kupoteza hata mechi moja, wakapigwa na Giants. Sisi tuna wafanyakazi hewa. Wamarekani walikuwa wakisafirisha ubingwa hewa kwa marobota. Shabiki wa Yanga, jifikirie: mmepoteza kombe, halafu kuna mzee huko Bolivia anachunga kondoo na fulana yenu ya ubingwa.

7. Bembea ya maji
Wazo lilitoka Afrika Kusini na lilikuwa tamu masikioni: bembea ya kuzunguka, watoto wanacheza, chini yake pampu inavuta maji ya kisima hadi kwenye tangi. Ikaitwa PlayPump. Mwaka 2006, jijini New York, Laura Bush, mke wa rais wa Marekani, akatangaza mchango wa dola milioni 16.4, na lengo likawa pampu 4,000 kufikia 2010. Nani angekataa? Picha zilikuwa zinajipiga zenyewe. Lakini bembea inayovuta maji ni nzito, na mtoto akichoka amechoka, humwambii kitu. Mwaka 2009 gazeti la Guardian lilipiga hesabu: ili pampu ihudumie watu wote walioahidiwa, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kwa siku. Saa tatu za ziada hazikuwemo kwenye bajeti. Mwishowe walioisukuma wakawa kina mama, ndoo pembeni, nguo imekazwa kiunoni, wanazunguka kama ngamia wa kinu cha ufuta. Pampu ya mkono ya kawaida ingepatikana kwa kama robo ya bei.

6.
Namba sita hayupo ofisini. Yuko Bagamoyo, warsha ya siku tatu ya kujadili umaskini. Atarudi Ijumaa, akishasaini posho. Kama una shida ya haraka, muachie mlinzi ujumbe.

5. Chandarua
Ndiyo, najua. Kimevua dagaa, kimefunika vifaranga, kimekuwa wavu wa goli. Lakini watafiti walikadiria kwamba kati ya 2000 na 2015 Afrika iliepushwa na visa milioni 663 vya malaria, na zaidi ya theluthi mbili ya kazi hiyo ilifanywa na vyandarua vyenye dawa. Hapa Tanzania, kuanzia 2004, mjamzito alipewa Hati Punguzo kliniki, akaenda nayo dukani, akaongeza kidogo, akaondoka na chake. Anayelalamikia joto la chandarua Dar mwezi wa Februari ana haki kabisa. Alalamike akiwa ndani.

4. Pesa mkononi
GiveDirectly walikuja na wazo la kumtia homa mwandaaji yeyote wa semina: mpe maskini pesa, kisha ondoka. Siaya, Kenya, kaya zaidi ya 10,000 zilipata kama dola 1,000 kila moja, kwa simu. Wachumi wakafuatilia, wakakuta kila dola imeuingizia uchumi wa pale zaidi ya dola mbili, na hata majirani wasiopewa walifaidika. Homa Bay nako wengi walikataa katakata, kwa uvumi kwamba pesa za bure ni za kuabudu shetani. Usiwacheke. Umezoea wafadhili wanaotoa fulana na kudai picha, mara anatokea mtu anatoa pesa na hadai kitu. Hata wewe ungemchungulia miguu kama ina kwato.

3. Chumvi na sukari
Mwaka 1971, vita vya Bangladesh, wakimbizi wamefurika Bangaon upande wa India, kipindupindu kimewaingia na dripu zinaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya maji, sukari na chumvi kwa kipimo, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo kambini vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Baadaye shirika la BRAC likatuma wanawake nyumba kwa nyumba, karibu Bangladesh nzima, kuwafundisha kina mama: chumvi ya kubana kwa vidole, guru la kujaza kiganja. Na malipo ya walimu hao yalitegemea mama amekumbuka nini wakaguzi walipopita. Namba sita, unasikia huko Bagamoyo?

2. Mnyoo wa Guinea
Hana chanjo, hana dawa. Huingia na maji ya dimbwi, na baada ya kama mwaka hutoka kwa kutoboa mguu, urefu unafika mita, nawe unamzungusha kwenye kijiti na kumvuta polepole siku baada ya siku. Mwaka 1986, kituo cha Jimmy Carter, rais mstaafu wa Marekani, kilipoivaa kazi ya kumtokomeza, wagonjwa walikuwa kama milioni 3.5. Silaha zikawa kitambaa cha kuchujia maji na mwanakijiji asiyechoka kukumbusha. Mwaka 1995 Carter aliwaomba wapiganaji wa Sudan watulize bunduki ili vitambaa vipite, na zikatulia karibu miezi sita. Alitaka mnyoo wa mwisho afe kabla yake. Carter alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Mwaka ule waliougua dunia nzima walikuwa 15. Mnyoo kashinda kwa pointi, na mbwa wa Chad bado wanamhifadhi.

1. Mpishi wa Merca
Oktoba 1977, Merca, pwani ya Somalia. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, alipanda gari kumwelekeza dereva njia. Ndani walikuwemo watoto wawili wenye ndui. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Chanjo aliikwepa, maana sindano ilionekana inauma. Mfanyakazi wa hospitali huyo! Akaugua, akapona, na baada yake hakuna tena aliyeipata ndui kwa njia ya kawaida, popote. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa imekwisha.

Miaka ikapita. Huyu huyu mkwepa sindano akajitolea kwenye chanjo ya polio, akibisha hodi kwa wazazi wanaositasita na kuwasimulia yaliyompata. Polio iliporudi Somalia mwaka 2013, naye akarudi kazini. Julai, kampeni ikiendelea, homa ikamlaza pale pale Merca, na hakuamka.

Ilikuwa malaria. Rudi namba 5.