Pembe za Ankole

Kosa ni la filamu. Niliitazama Easy Rider, ile ya mwaka 1969, nikamwona Peter Fonda amejikalia kwenye pikipiki kama sultani, usukani umepaa kama pembe za ng'ombe wa Ankole. Nikaigeukia baiskeli yangu, jeusi la chuma la kubebea matoke, nikaona inanidhalilisha.

Nikaikokota hadi Katwe, ambako nyundo haziishi kulia. Fundi akakata bomba la maji la nusu inchi, akalijaza mchanga mkavu, akaziba ncha kwa vigingi vya mti, akalichoma mpaka likaiva wekundu. Mchanga, akanieleza, ndio unaozuia bomba lisibonyee linapokunjwa. Hapo nilimvulia kofia. Kilichonichosha ni ile "Jangu enkya, ssebo" yake. Njoo kesho! Kesho hiyo ilikuwa na siku tisa.

Sasa sikia. Bomba la nusu inchi kwa nje ni milimita 21 na ushee. Usukani wa baiskeli ni 22. Usiidharau hiyo milimita. Mipira ya kushikia inazunguka yenyewe, ukiminya unabaki nayo mkononi. Tukazungushia vipande vya tyubu. Halafu breki: hizi baiskeli zetu za kizee breki zake ni fito za chuma, na fito hazirefuki eti kwa sababu mwenye baiskeli ametazama filamu. Fundi akafunga waya wa klachi ya bodaboda. Breki ya mbele sasa inashika ikijisikia. Ya nyuma imestaafu.

Na hii Kampala ni vilima. Kupanda Namirembe unataka uinamie usukani, ukanyage kwa uzito wote. Mimi wangu uko usawa wa masikio, nitauinamiaje? Nashuka nasukuma, mikono juu kama mtu aliyekamatwa, watoto wananiuliza nimeiba nini. Mvua ikinyesha, maji yanaingilia mkono wa shati na kutokea kiunoni.

Nikarudi kudai usukani wangu wa zamani. Fundi akanionyesha sigiri mpya kabisa, akagonga mguu wake mmoja: "Huu hapa, ssebo."

Mwenye usukani wa kawaida, wa breki za fito, anitafute tubadilishane. Huu wangu ni mzima, na unaanika mashati mawili bila kugusana.