Kati ya Nazi na Karanga

Mama yangu mzazi amekuja kutusalimia. Alisema anakaa wiki mbili. Hii ni wiki ya tano, na begi lake ameshalipandisha juu ya kabati, kwa hiyo hesabu fanya mwenyewe.

Sisi kwetu ni Kwimba. Mke wangu ni wa Tanga, na mtu wa Tanga hata ukimpa uji atakuuliza tui liko wapi. Wali nazi, maharage nazi, samaki nazi, kisamvu nazi. Mimi miaka tisa nimeshazoea. Ile kwaru-kwaru ya mbuzi ya nazi alfajiri ya Jumapili siku hizi inanibembeleza. Mama hajazoea. Siku ya kwanza alichungulia sufuria ya kisamvu, akaninong'oneza kwa Kisukuma: tumekosa nini hadi tunamwagia mboga maziwa?

Siku ya pili akafungua kiroba. Alikuwa amekipakata kwenye basi kutoka Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Michembe na matobolwa ya viazi vitamu, dagaa, na karanga alizozitwanga mwenyewe. "Mkwe wangu, leo pumzika," akasema. Mwanamke akiambiwa apumzike jikoni kwake, hiyo si likizo. Mke wangu alipumzika akiwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, akihesabu kila kijiko cha karanga kinachozama kwenye kisamvu.

Usiku mezani yakaja mabakuli mawili. La kwanza la nazi, kisamvu kimelainika, tui limeachia mafuta juu. La pili la karanga, zito, lina harufu iliyokuwa ikinitoa shuleni mbio bila kuaga. Nikachota kulia, nikachota kushoto, kijiko kwa kijiko, kwa haki kuliko karani yeyote wa mizani ya pamba niliyewahi kumwona.

"Baba watoto, kipi kitamu?"

"Vyote vitamu."

Nilidhani nimejibu kama mtu mzima. Mama akasogeza bakuli lake. "Kumbe na mimi ni vyote." Mke wangu akasogeza la kwake. "Miaka tisa nakuna nazi, nimekuwa vyote." Nikalala njaa kwenye nyumba yenye mboga mbili.

Kesho yake mama akataka kujua bei. Nazi mbili kwa siku, moja Sh 1,500. Alifumba macho, akapiga hesabu, akashusha pumzi: "Kwa mwezi hiyo si mbuzi kabisa?"

"Mbuzi tunayo mama," mke wangu akajibu, "ile pale nyuma ya mlango."

Mambo yaligeuka siku mke wangu alipofika chini ya kiroba, akakuta unga. Akaunusa. "Mama, huu si wa muhogo?" Udaga, mama akamwambia. "Basi sisi kwetu ugali wake tunauita bada!" Hapo sikuwasikia tena kugombana. Walivuta vigoda, wakaanza kuelezana muhogo unavyoanikwa Tanga na unavyovundikwa Kwimba, kama watu waliosoma darasa moja.

Sasa niseme ukweli wangu. Ugali wa muhogo ndio uliochangia mimi kuhama kijijini. Unavutika, unanata kidole, ukiumeza unauhisi ukishuka ngazi moja moja. Tangu uchumba nilimwambia mke wangu kwamba muhogo unanipa kiungulia, naye kwa huruma hakuwahi kuniwekea bada mezani.

"Kiungulia?" mama akashangaa. "Huyu? Huyu amenenepea udaga!"

Mke wangu alinitazama kwa muda. Hakusema kitu. Alikwenda kuinjika maji.

Tangu siku hiyo ni ugali wa muhogo mchana na usiku. Unaletwa pamoja na dagaa wa nazi walionyunyiziwa karanga, mapatano yao wawili ambayo sikuitwa kutia sahihi. Mama ndiye anayeomba tui liongezwe. Wanapika wakicheka, na nikisogea jikoni wananyamaza.

Juzi nimeuliza kwa upole mama anaondoka lini. Aliyejibu ni mke wangu: udaga ukiisha. Jana nimetumwa stendi kupokea kiroba kingine.

Majirani, mwenye kiporo cha wali naomba asiwape kuku. Anigongee dirisha la nyuma.