Giza Tunalo, Mnatafuta Nini?

Enyi vijana wa Lubumbashi mnaotunga mchezo wa video wa dunia ya giza, mnajihangaisha bure na ngome za Ulaya na mazimwi yanayotema moto. Hapa nyumbani mmekosa nini?

Mnara wa mchawi? Tazameni bomba la moshi la kampuni ya migodi, Gécamines, mita 153. Mlima uliolaaniwa? Hiyo hapo terril, kilima cheusi cha masalia ya tanuri la shaba, ambacho nacho kimerudiwa kuchokolewa ili kitoe kobalti. Walaji watu? Waulizeni wazee habari za batumbula, waliosemekana kuwanasa watu usiku ili Wazungu wawale. Jiwe la kuangamiza miji? Urani ya mgodi wetu wa Shinkolobwe ilifika Hiroshima mwaka 1945. Mfalme aliyekataa bendera ya wageni? Msiri wa Bunkeya, akapigwa risasi mwaka 1891.

Ila sura ya mwisho ipunguzeni makali. Waziri mkuu wa kwanza wa nchi anauawa porini, Januari 1961. Mwili unayeyushwa kwa asidi. Polisi wa Kibelgiji anajiwekea jino. Mwaka 2022 jino linarudishwa kwa heshima zote, ndani ya jeneza. Mchezaji wa Brussels atalalamika kuwa mtunzi katia chumvi, na lalamiko atalituma kwa simu yenye betri ya kobalti.

Na umeme ukikatika katikati ya pambano, msimwombe mtu radhi. Si mlitangaza giza?