Bosi, Hiyo ni Bonasi

Kuna kijana mmoja wa Marekani kwenye YouTube ambaye nimemchukia na wala hajanikosea. Kazi yake ni kuonyesha watu wasio na pesa namna ya kuunda kompyuta ya kuchezea gemu, na kila akianza anasema leo tunabana matumizi kwelikweli: dola 500 tu. Tu! Dola 500 hapa Dar ni milioni moja na ushee, na mtu wa kwetu akishika milioni na ushee hafikirii gemu, anafikiria kupaua. Halafu kila anachokitaja anakiagiza papo hapo, kesho kipo mlangoni. Mlangoni kwangu huletwa bili ya maji na kadi za michango ya harusi.

Huku kwetu mnyonge anayetaka kompyuta ya gemu ana njia moja: anunue ya ofisi. Zinakuja na makontena, Dell na HP nyeusi zilizopiga hesabu za watu huko Uingereza na Dubai mpaka zikastaafishwa. Yangu ni Dell OptiPlex 9020 yenye Core i5-4590, prosesa ya mwaka 2014. Ubavuni bado ina stika inayosema ni mali ya shule fulani ya huko kwao. Nilipoifungua nikakuta klipu ya karatasi, na vumbi la zulia, lile la kijivu lenye nywele, vumbi la watu wanaofanya kazi madirisha yakiwa yamefungwa. La kwetu lina mchanga, unalisikia menoni.

Kinachonikera kwenye mashine ya ofisi ni kwamba aliyeitengeneza alijua iko siku mtu wa aina yangu atataka kuichezea, akaziba njia zote mapema. Pawa saplai yake ni ya wati 290. Ukisema uing'oe uweke kubwa, unakuta plagi inayoingia kwenye mazabodi ina pini 8, wakati za dukani zina pini 24; uanze kusaka waya wa kuunganishia ambao kila duka wanakwambia uliisha jana. Basi unabaki na wati zako, unatafuta kadi ya grafiki isiyohitaji waya wake wa umeme, inayotosheka na wati 75 zinazopita kwenye tundu inapochomekwa. Kadi za namna hiyo zenye bei ya kuongeleka si nyingi: GTX 750 Ti ya 2014, GTX 1050 Ti ya 2016, baada ya hapo unaanza kubahatisha. RX 580 zimejaa, zile zilizokuwa zikichimba Ethereum usiku na mchana mpaka Septemba 2022 mtandao huo ulipoachana na uchimbaji, na bei yake inatamanisha. Lakini moja inakula wati 185 peke yake. Kwa mashine yangu huyo ni mgeni anayemaliza sufuria wenye nyumba hawajanawa.

Nikaenda Kariakoo. Kariakoo hutafuti duka, winga anakutafuta wewe.

"Bosi, karibu. Simu, chaja, spika?"

"Kadi ya grafiki. GTX 1050 Ti."

"Ipo."

Winga hana neno "haipo". Akaniweka kwenye stuli ya duka la watu wengine kabisa, akazama uchochoroni, akarudi na boksi jipya limevikwa nailoni. "Giga nne hiyo. Inacheza mpaka gemu ambazo hazijatoka."

Nikaifungua, nikaigeuza nyuma. Ilikuwa na matundu matatu, na mojawapo lilikuwa la VGA, lile la bluu lenye vitundu 15 na skrubu huku na huku. Sasa, kizazi cha 1050 Ti, tangu Nvidia ilipokitoa mwaka 2016, hakitoi picha ya VGA. Chipu yenyewe haina habari nayo. Ukiona tundu la bluu, jua umeshika kadi ya miaka ya 2010 au 2011, GTS 450 au GTX 550 Ti, iliyochakachuliwa programu yake ili kompyuta ikiiuliza jina, idanganye. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Kaka, 1050 Ti haina hii."

Hakupepesa. "Bosi, hiyo ni bonasi. Wamekuongezea."

Nimeishi mjini hapa, nimeuziwa sukari yenye mchanga na asali iliyopikwa jana yake. Kuonyeshwa ushahidi wa wizi nikaambiwa ni zawadi, hapana, hilo lilikuwa geni.

Ya kweli ilipatikana jioni kwa fundi mmoja wa ghorofani, mtumba, bila boksi, feni inalia. Tukaijaribu palepale, ikawaka, nikalipa. Lakini uchungu wenyewe ulikuwa unanisubiri nyumbani. Skrini yangu ni ile ya zamani ya mraba, na ina tundu moja tu: VGA. Yaani Kariakoo nzima, kadi iliyokuwa tayari kuongea na skrini yangu ni ile feki! Kesho yake nikarudi kutafuta kigeuzi cha HDMI kwenda VGA. Nani alinidaka pale kona? Winga yuleyule. Kigeuzi kipo. Akanikabidhi, akanitazama kwa huruma ya mtu mzima. "Si nilikwambia, bosi?"

Nilijipa moyo kwamba RAM itakuwa rahisi. Mashine hii inatumia DDR3, aina ya kizamani ambayo kompyuta mpya haziwezi hata kuichomeka, kwa hiyo nagombania na nani? Kumbe habari zilishafika. Mwishoni mwa 2025 makampuni ya akili mnemba yalifagia RAM duniani kwa ajili ya vituo vyao vya data, bei zikapaa, na Desemba Micron ikatangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya kuwauzia watu wa kawaida. Sasa hayo ni mambo ya RAM mpya za wakubwa. Lakini muuzaji naye anasoma habari. Akatoa kipande cha giga 8 kutoka kopo lililokuwa la maziwa ya unga, akakipuliza vumbi, akataja bei, na alipoona nimeduwaa akaniambia taratibu: "Dunia imebadilika, mzee wangu."

Windows sitaki kuizungumzia. Ile ya 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025, na ya 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane na kuendelea, yangu ni ya nne. Mpwa wangu wa kidato cha tatu alisema kuna njia. Nikatoka nje nikapunge upepo. Niliporudi, ilikuwa imeingia.

Tulichotaka ni GTA V, gemu iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2015, na hiyo 1050 Ti inaibeba vizuri. Tatizo inadai giga nyingi, na giga zote hizo zipite kwenye bando. Tukaweka bando la usiku. Umeme ukakatika usiku wa manane. Ukarudi bando limelala.

Ilipokaa sawa, mpwa akaiangalia kwa muda, mikono kiunoni. "Mjomba, hii bado si ya gemu. Haiwaki."

"Haiwaki nini, na picha hiyo hapo?"

"Taa, mjomba. Taa za rangi."

Taa za kompyuta nilizoulizia bei zake zilikuwa za kuagana. Basi mtoto akaenda kijiweni kwa bodaboda, akarudi na mkanda wa taa wanazofunga chini ya tangi, maana zinatumia volti 12, na pawa saplai inatoa volti 12 hizohizo. Shilingi elfu tano, na ndicho kifaa pekee kipya kwenye mtambo mzima. Boksi ni la bati, halina kioo, kwa hiyo mwanga unachomoza kwenye matundu ya hewa: nyekundu, kijani, bluu, nyekundu, ukuta wote wa sebule unacheza.

Mama watoto akapita na ndoo, akasimama. Akauliza grosari imefunguliwa lini, na bia tunauza shilingi ngapi.