Jinsi ya Kununua Kipanya cha Mtu Mwingine

Kwanza, usipime mkono. Wapo wanaochukua rula wakapima kuanzia mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati, na wakikuta urefu umevuka sentimita 20 wanajihesabu kundi la wenye mikono mikubwa. Hawaishii hapo, wanapima na upana wa kiganja, gumba likiwa nje ya hesabu. Hao ni watu wasio na imani. Wewe nenda Kariakoo na macho yako tu.

Dukani kipanya cha michezo ya kompyuta kimo ndani ya boksi, boksi limo ndani ya nailoni, na nailoni haifunguliwi mpaka hela itoke. Ukiomba ukishike kidogo utajibiwa, "Bosi wangu, hii ni saizi ya wote." Kubali. Kubishana na mtu aliyekuita bosi si ustaarabu.

Sasa soma boksi, utafute tarakimu nene kuliko zote. DPI 30,000! Maana yake kihisi kinaweza kuhesabu hatua 30,000 katika kila inchi unayosogeza, na ukiiweka hapo, ukipiga chafya tu mshale umeshavuka skrini. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Counter-Strike huweka 400 au 800, lakini wao wanacheza kwa mshahara, hawajui raha. Hakikisha pia kuna taa za rangi zote. Hukaa chini ya kiganja, pale pale unapoziziba ukianza kucheza, na kazi yao nyingine ni kula chaji.

Kwa mkono mkubwa nakupendekezea Logitech G305. Ni kipanya kizuri, bei yake haiumi, na urefu wake ni milimita 117 hivi, yaani kimetengenezwa kwa mtu ambaye si wewe. Kishike. Kidole cha shahada na cha kati vimepata vitufe, tena ncha zimepitiliza kidogo kwa mbele. Cha pete kinatafuta pa kukaa, kinakosa, kinapanda juu ya kitufe cha kulia na kufyatua risasi usiyoiagiza. Kidole cha mwisho kinaburuzwa mezani mpaka ngozi ya ubavuni inapata moto. Kiganja kinaning'inia hewani bila kugusa kitu, na ili usiachie kipanya inabidi ukunje vidole vyote kama kucha za mwewe. Kuna watu wanashika hivyo kwa kupenda, wanalenga vizuri sana. Wewe umelazimishwa, kwa hiyo mechi ya pili haiishi kabla ganzi haijafika kwenye gumba.

Epuka Razer DeathAdder V3 Pro ya mwaka 2022. Ina milimita 128 kwa urefu na 44 hivi kwa kimo, mgongo wake umeinuka, kiganja kizima kinalala juu yake, na uzito ni gramu 63 tu. Epuka vilevile Basilisk V3 Pro, milimita 130, yenye kibaraza cha kupumzishia gumba. Starehe ya namna hiyo inaharibu vijana. Basilisk angalau inapita gramu 110, na muuzaji atakwambia mkono mkubwa unataka mzigo mkubwa. Mwamini. Mwenye DPI ya chini hukinyanyua kipanya na kukirudisha katikati mara nyingi katika kila mechi, na kifundo ndicho kinachobeba hesabu hiyo.

(Kile cha kwanza kabisa, cha Douglas Engelbart na Bill English mwaka 1964 huko California, kilikuwa kibao cha mbao chenye kitufe kimoja, na kilijaa mkononi. Tatizo kilikuwa na waya.)

Kuhusu waya: kipanya kikiwa na njia mbili za kuunganisha bila waya, chezea bluutuuthi, maana inachelewa kuliko ile njia ya ka-USB kadogo kanakokuja na kipanya. Ukikatumia hako, kachomeke nyuma ya kompyuta, chini ya meza, ubavuni mwa diski ngumu iliyo kwenye USB 3. Bandari hizo hutoa kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4, masafa yale yale ya kipanya chako. Wanaovuta waya wa nyongeza wakakaweka juu ya meza, shubiri moja au mbili kutoka kwenye kipanya, wanajinyima jambo moja kubwa: wakiuawa hawawezi kusema "mausi imeganda."

Mashoto wenye mikono mikubwa, poleni. Kwenu mwongozo huu hauna kazi. Viwanda vimeshawafanyia yote haya.

Ukishakinunua usikirudishe. Kibandiko cha "mali ikishauzwa hairudishwi" ulikisoma mwenyewe ukutani. Mpe mtoto wa dada yako wa darasa la tano. Kitamkaa mkononi barabara, na jioni atakuja kukuuliza, "Anko, mbona unakufa kila saa?"